Mali ya Mwanachama Baada ya Kifo: Wosia, Rejista ya Chama na Msaada wa Wakili

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, Kagera)



Si ajabu kukuta katika rejista ya chama cha msingi jina la mtu aliyekwisha kufa miaka mingi iliyopita. Kahawa hupimwa kwa jina lake, stakabadhi huandikwa kwa jina lake, na malipo ya nyongeza yanapotoka huitwa yeye kwanza, kisha hutokea mtu wa nyumbani kwake kuitika. Maadamu anayeitika ni mmoja, na watu wa nyumba ile wanasikilizana, hakuna anayejali. Siku wanapoitika wawili, katibu hugundua kwamba rejista aliyoitunza kwa uangalifu miaka yote haimwambii lolote.

Mathalan, mkulima mwenye kibanja cha migomba na mikahawa, ng'ombe wawili, nyumba ya bati, hisa zake chamani na mkopo mdogo wa pembejeo anafariki mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei mavuno yanaanza. Kufikia Julai kahawa ya maganda imekwisha pelekwa chamani kwa jina la marehemu. Ndipo wanapofika watu watatu mbele ya meza ya katibu, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza ni mdogo wa marehemu, ameshika muhtasari wa kikao cha ukoo uliotiwa sahihi na wazee siku ya kuondoa matanga, na muhtasari unasema kwamba yeye ndiye atakayeangalia mambo ya nyumba. Wa pili ni mjane, mwenye cheti cha ndoa, na mwenye viganja vinavyoonyesha ni nani aliyeichuma na kuianika kahawa hiyo. Wa tatu ni mtoto wa kiume anayefanya kazi mjini, ameleta kitambulisho chenye jina la baba yake. Wote watatu wanasema kweli. Hata hivyo hakuna hata mmoja kati yao ambaye katibu anaweza kumlipa akalala usingizi.

Akimlipa mdogo wa marehemu, mjane atakwenda mahakamani. Akimlipa mjane, ukoo utasema katibu amehongwa. Akiwagawia sawa sawa, amejifanya hakimu. Kwa hiyo katibu mwenye busara huiacha fedha katika hesabu ya marehemu, huandika katika barua kiasi kilichopo, na huwaelekeza wote watatu Mahakama ya Mwanzo. Hapo amefanya lililo sahihi. Lakini ada ya shule haingojei mahakama, wala chumvi na sabuni hazingojei. Katika miezi hiyo ya kungoja ndipo mjane anapouza butura, yaani kahawa ya msimu ujao ingali maua mtini, kwa bei ambayo mnunuzi ndiye anayeipanga. Chama hukosa kahawa, nyumba hukosa fedha, na mwaka unaofuata deni la pembejeo lingali palepale. Mlolongo wote huo ulianza kwa sababu mtu mmoja hakuandika karatasi mbili wakati wa uhai wake: wosia, na fomu ya chama ya kumteua mtu wa kupokea haki zake.

Mkoa wa Kagera una sababu ya kulielewa jambo hili kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata walikufa watu waliokuwa bado na nguvu za kulima, wakaacha wajane vijana na watoto wadogo. Mila ya kurithi ilikuwa imezoea kumzika mzee, ambaye watoto wake wakubwa wamekwisha jenga. Ilipomzika kijana wa miaka thelathini, mwenye watoto watatu ambao mkubwa wao hajafika darasa la nne, haikuwa na jibu jepesi. Vibanja vingi viliangaliwa na baba wadogo kwa uaminifu mkubwa, na hilo lisemwe wazi. Vingine havikurudi kwa wenyewe.

Jambo la kwanza ambalo yafaa lieleweke ni cheo cha msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinaweza kumpendekeza mtu, na muhtasari wake huisaidia mahakama kujua nani anaaminiwa na familia. Lakini anayemteua msimamizi ni mahakama. Kabla ya uteuzi huo, mdogo wa marehemu, mjane na mtoto wote wako sawa mbele ya chama, na hata mbele ya benki. Baada ya uteuzi, msimamizi naye si mwenye mali. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Watu husikia kwamba Fulani amepewa mirathi, na Fulani mwenyewe huanza kutembea kibanjani kama mwenye kibanja. Kazi yake ni nne tu: kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia warithi kilichobaki, na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Kanuni za mwaka 1971 zinazoongoza mirathi katika Mahakama za Mwanzo zimempa msimamizi miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Katika mahakama zinazotumia Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, muda huo ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Warithi wakizijua tarehe hizi, msimamizi mzembe hapati mahali pa kujificha.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo linalomfanya wakili awe na thamani. Tanzania Bara haikurithi sheria moja ya mirathi. Ipo sheria ya kimila, ipo sheria ya Kiislamu, na ipo sheria ya India ya mwaka 1865 iliyopokelewa katika enzi za ukoloni na kuendelea kutumika kwa wale ambao mila wala Uislamu havitawali mirathi yao. Mtu mmoja anaweza kuwa Mhaya kwa ukoo, Mkristo kwa ndoa, na mkazi wa mjini kwa miaka ishirini. Akifa bila wosia, swali la kwanza mahakamani haliwi nani arithi nini, bali ni sheria ipi itakayotumika, na swali hilo peke yake laweza kuwapandisha ndugu ngazi za mahakama mbili au tatu kabla kibanja hakijatajwa.

Kwa upande wa mila, Amri ya mwaka 1963 iliziweka katika maandishi kanuni za urithi na za wosia. Iliwapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza peke yake juu, watoto wengine wa kiume wakimfuata, na mabinti chini kabisa. Mjane hakupewa fungu iwapo marehemu aliacha ndugu wa ukoo wake. Ilisemwa kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila ruhusa ya kuiuza. Watu wengi walioishi chini ya kanuni hizo hawakuona ubaya, kwa sababu mtoto aliyerithi alijua pia kwamba amerithi mzigo wa kuwatunza wengine. Urithi ulikuwa cheo chenye kazi. Mzigo ulipoanza kusahauliwa na mali ikakumbukwa, kanuni ile ile iligeuka kuwa kitu kingine.

Hakuna wilaya iliyotoa mfano mkubwa zaidi wa jambo hili kuliko Muleba. Mwaka 1988 mwanamke mmoja, ambaye baba yake alimrithisha ardhi ya ukoo kwa wosia halali, aliona anazeeka na hana wa kumtunza, akaiuza ardhi hiyo kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata mtoto wa ndugu yake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Shauri hilo, lijulikanalo kama Ephrahim dhidi ya Pastory, lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba baada ya Haki za Binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, mila haiwezi kumnyima mwanamke haki ambayo mwanamume katika hali ile ile anayo. Mauzo yakathibitishwa. Wanasheria hulitaja shauri hilo kwa ajili ya Katiba. Lakini mwanachama wa kawaida na alitazame pia kwa ajili ya jambo dogo lililo mwanzoni mwake: yule mama alikuwa na ardhi ya kuitetea kwa sababu baba yake aliandika wosia.

Si kila aliyefuata alipata bahati hiyo. Wajane wawili waliozipinga kanuni hizo hizo za 1963 walikataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na walipolifikisha lalamiko lao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, Kamati iliamua mwaka 2015 kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu waume zao wafe. Haki iliyokuja namna hiyo ni haki, lakini haijengi paa wala hailipi ada.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, nayo ilitamka kwamba mila inayomnyima mwanamke kupata, kumiliki au kutumia ardhi kwa haki haina nguvu katika kiwango hicho cha kunyima. Kutokana na sheria hiyo mkulima anaweza kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na hati hiyo yaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Ni karatasi ambayo wanaume wengi huikubali mbele ya mpimaji na kuijutia wakifika nyumbani. Mwenye kusitasita na ajiulize ni nani atakayekiangalia kibanja mwaka wa kwanza baada ya yeye kuondoka.

Sasa wosia wenyewe. Wazee wengi husema kwamba kuandika wosia ni uchuro, ni kuita kifo. Wengine huogopa kwamba mtoto akishajua fungu lake atamtakia baba yake safari. Hofu ya kwanza haijibiwi kwa sheria. Ya pili ina dawa: wosia ni siri ya mwenye kuuandika mpaka siku ya kifo chake, na anaweza kuubadilisha mara nyingi apendavyo maadamu ana akili timamu. Kinyume chake, anayegawa mali yote angali hai, kwa kutaka kuepusha ugomvi, mara nyingine huishia kuwa mgeni katika kibanja chake mwenyewe, akiomba mkungu wa ndizi kwa mkaza mwana. Kuwapa watoto sehemu ya kuanzia maisha ni desturi njema, na wagawiwe mbele ya serikali ya kijiji ili iandikwe. Kujibakizia nyumba na migomba ya kula ni busara.

Namna ya kuufanya hutegemea sheria inayomhusu mtu. Kanuni za kimila za 1963 zinautambua wosia wa mdomo, ukitolewa mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi ulitakiwa uwe na mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mwenye wosia asiyejua kusoma aongeze wafike wanne. Uandikwe kwa wino au mashine, si kwa penseli, na uwe na tarehe. Anayetaka kumnyima mrithi wake halali hana budi kusema hivyo waziwazi na kutaja sababu, na sababu zenyewe ni nzito: mathalan, mtoto aliyejaribu kumuua mzazi, au aliyemtelekeza katika ugonjwa au njaa bila udhuru. Kununa hakutoshi. Kwa wale wanaohusika na sheria ya 1865, mashahidi ni wawili, na shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia huo, au ambaye mke au mume wake ameachiwa, hukipoteza. Kwa sheria hiyo hiyo, ndoa mpya huutangua wosia wa kabla ya ndoa. Ni wanaume wangapi walioandika wosia, wakafiwa na mke, wakaoa tena, nao wakidhani kwamba karatasi ya zamani ingali na nguvu!

Mwanachama Mwislamu hana uhuru wa kuusia mali yake yote. Madeni na gharama za maziko hutangulia. Wosia hauzidi theluthi ya kilichobaki, wala haumwongezei mrithi fungu bila ridhaa ya warithi wenzake. Kisha mafungu hufuata Kurani. Mjane mwenye kuachiwa watoto na marehemu hupata thumuni, asiyeachiwa hupata robo, na wakiwa wake wawili au zaidi hugawana fungu hilo hilo. Kwa hiyo mume anayetaka mkewe abaki na nyumba hana budi kulitengeneza jambo hilo angali hai, kwa kumpa au kwa kuandikisha jina lake, na si kwa wosia.

Ni dhahiri kwamba hapa mtu anahitaji mwenye kujua. Katibu wa chama anaweza kuwa na mwandiko mzuri kuliko wote kijijini, lakini kuandika wosia wa mwanachama si kazi yake, na kesho atakuwa ndiye anayetakiwa kulipa kwa kuufuata. Asiuandike, asiwe shahidi, asiutunze katika kabati la chama. Kazi hiyo ni ya wakili.

Anachofanya wakili mzuri, kwa sehemu kubwa, ni kuuliza. Mwanachama humwambia: shamba la chini nampa mtoto wangu wa pili. Wakili huuliza lipo wapi, linapakana na nani kila upande, lina mikahawa mingapi, nani alilinunua, na karatasi ya kununulia ina jina la nani. Mara nyingi katika jibu la swali la nne hutokea jambo ambalo mwanachama mwenyewe alikuwa hajalifikiri: shamba la chini lilinunuliwa kwa fedha za mkewe za kuuza maharage. Kisheria halikuwa lake lote kuligawa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, ilitambua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, si kifo, lakini wakili atamkumbusha mteja wake kwamba mke si mmoja wa vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Atauliza pia juu ya ng'ombe: ni wake, au anamfugia mtu? Atauliza juu ya kiwanja kilichouzwa nusu bei na nusu nyingine haijalipwa. Atauliza juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Swali hilo la mwisho huleta kimya kirefu, na ni heri kimya hicho kitokee katika chumba cha wakili kuliko makaburini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Mtoto aliyefichwa atatokea, na atatokea na mama yake.

Kuna swali moja zaidi ambalo wakili haliachi: nani awe msimamizi. Watu hutaja kwanza mtoto mkubwa, au ndugu mwenye sauti. Anayefaa ni mtu anayejua kutunza stakabadhi, anayeishi karibu, na ambaye warithi hawamwogopi. Si lazima awe mwanamume. Tena atajwe wa pili, kwa kuwa wa kwanza naye hufa. Kwa watoto wadogo atajwe mlezi, na ikiwezekana mlezi asiwe yule yule msimamizi, ili mmoja awe na wa kumuuliza.

Gharama huwatisha wengi, na huwafanya waangukie mikononi mwa vishoka, yaani wale wasio mawakili wanaopiga chapa karatasi yoyote kwa fedha kidogo karibu na mahakama. Wakili wa kweli ameandikishwa katika orodha ya mawakili na ana leseni ya mwaka ule. Mwanachama ana haki ya kuuliza, na wakili wa kweli hakasiriki. Ada iulizwe kabla ya kazi, na stakabadhi itolewe. Vyama vinaweza kuipunguza gharama hiyo kwa njia ambayo ushirika umeitumia siku zote kwa mbolea na kwa magunia: wanachama ishirini au thelathini wakakubaliana, wakamwita wakili mmoja kwa siku moja au mbili. Asubuhi aeleze sheria mbele ya wote, mchana amwone kila mtu peke yake, faragha. Jambo hili la faragha lisipuuzwe. Wosia uliosomwa kwa sauti katika ghala la kahawa si wosia tena, ni mwanzo wa vita. Kila anayekuja alete hati au karatasi za kununulia ardhi, cheti cha ndoa, majina kamili ya watoto wote na umri wao, kitabu cha benki na kadi ya chama, pamoja na orodha ya anaowadai na wanaomdai. Asiye na uwezo kabisa awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017. Hao hawatozi ada.

Wosia ukikamilika hutunzwa mahali pa kuaminika. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ambao umebeba pia kazi za Kabidhi Wasii Mkuu, hupokea na kutunza wosia. Wengine huuacha kwa wakili, wengine kanisani au benki. Popote utakapokuwa, watu wawili wajue ulipo, ingawa si lazima wajue uliyomo. Wosia uliofichwa ndani ya godoro umekwisha chomwa pamoja na godoro mara nyingi.

Sasa ile karatasi ya pili. Sheria za ushirika tangu zamani zimemruhusu mwanachama kumteua mtu ambaye chama kitamkabidhi hisa na haki zake akifa. Katika vyama vingine fomu hiyo ipo lakini imejazwa siku ya kujiunga na haikuguswa tena, hata mteule mwenyewe akawa amekwisha kufa. Wanachama nao huichanganya na wosia. Fomu humwonyesha katibu mtu wa kumkabidhi kilichomo chamani, na humkinga katibu aliyelipa kwa kuifuata. Haiamui kibanja ni cha nani, wala nyumba, wala ng'ombe; wala haimfanyi mteule kuwa mrithi wa pekee, kwa hiyo warithi wengine wanaweza kumtaka mteule aeleze alichopokea. Ndiyo sababu fomu na wosia visipingane. Mwanachama aliyemtaja kaka yake katika fomu mwaka aliojiunga, akiwa hajaoa, kisha akamtaja mkewe katika wosia, amewaachia watu wawili anaowapenda shauri la kwenda nalo mahakamani.

Madeni nayo yasemwe bila aibu. Mkopo wa pembejeo haufi na mkopaji. Hutolewa katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana, lakini hutolewa katika mali yake tu. Mjane hawezi kudaiwa ng'ombe wake mwenyewe kwa deni la mumewe ambalo hakulidhamini. Katibu aandae taarifa ya hesabu ya marehemu mara tu apatapo habari za kifo, ikionyesha kahawa iliyopokelewa, malipo yaliyotolewa, hisa, akiba na deni, na ampe msimamizi nakala pindi atakapoleta barua ya mahakama. Kahawa inayoendelea kuletwa baada ya kifo ipokelewe, kwa kuwa haiwezi kungoja. Iandikwe kwa jina la mirathi ya marehemu Fulani, pamoja na jina la aliyeileta na tarehe, isichanganywe na hesabu ya mtu yeyote aliye hai. Mjane aliyeileta atahitaji rekodi hiyo. Pale ambapo masharti ya chama yanaruhusu, kamati yaweza kuazimia malipo madogo kwa ajili ya maziko au ada ya watoto, kwa azimio lililoandikwa katika kumbukumbu na kutiwa sahihi, na kiasi hicho kihesabiwe katika mirathi. Malipo ya huruma yasiyoandikwa ndiyo yanayomfikisha katibu mwema mbele ya mkaguzi.

Kazi hii yaweza kuanza kabla ya msimu ujao wa kahawa. Katibu akae na rejista na wajumbe wawili wanaowafahamu watu wa kila kitongoji, waisome jina kwa jina, na waweke alama kwa kila aliyefariki. Kwa waliofariki, familia iandikiwe barua iteue wa kwenda mahakamani. Kwa walio hai, kila mmoja aulizwe, faragha, kama mteule wake bado ni yule yule. Fomu mpya ijazwe nakala mbili kwa wino, iwe na jina kamili la mteule, uhusiano wake na mwanachama, mahali anapoishi na tarehe, itiwe sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili wasiotajwa ndani yake. Nakala moja aichukue mwanachama. Ile ya zamani isitupwe. Ipigwe mstari, iandikwe tarehe iliyobatilishwa, na ibaki katika jalada nyuma ya ile mpya.